Manifoldi ya hewa iliyoliwa na kutu kwenye vani ya dizeli: kusafisha, kusawazisha, kuchomelea au kubadilisha?

Mwenye vani kuukuu ya dizeli akiambiwa manifoldi ya hewa, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda za injini, imeliwa na kutu, la kwanza kuuliza ni kama itengenezwe au itafutwe nyingine. Swali ni halali, ila linakuja mapema. Lazima kwanza ijulikane imeliwa wapi: kwenye uso unaokaliwa na gasketi (kipande bapa cha kuzibia maungio), kwenye tundu la bolti, kwenye njia ya maji, au kwenye ukuta wenyewe unaobeba hewa. Manifoldi mbili zenye kutu ya kiasi kilekile zinaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Moja inamalizwa kwa gasketi mpya na usafi wa nusu siku, nyingine ni ya kutupa.

Nazungumzia manifoldi za alumini, maana ndizo nyingi kwenye vani za zamani. Za plastiki haziliwi na kutu. Zinapasuka na kupinda, na huko jibu ni kununua nyingine. Alumini nayo haitoi kutu nyekundu. Inatoa unga mweupe au wa kijivu, na chini ya unga huo unakuta vishimo vidogo vilivyochimbika. Kinachoichimba ni vitu vitatu vikuu. Kwanza ni unyevu unaokaa kati ya bolti ya chuma na alumini: metali mbili tofauti zikikutana kwenye maji, hasa yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Pili ni maji ya rejeta yaliyozeeka, ambayo dawa yake ya kuzuia kutu imekwisha. Tatu ni moshi unaorudishwa ndani na vali ya EGR: ndani ya moshi mna mvuke wa maji na gesi zitokanazo na salfa na naitrojeni, na injini ikipoa vitu hivyo vinageuka matone yenye asidi yanayojificha chini ya masizi. Vani ya safari fupifupi, isiyopata muda wa kupata moto sawasawa, ndiyo inayoumia zaidi kwa hili la tatu.

Kwa nini dizeli inaficha tundu

Injini ya petroli ikipata tundu kwenye manifoldi inalalamika papo hapo. Haitulii ikiachwa iungurume, inapanda na kushuka, pengine inazima. Sababu ni mvuto mkubwa unaokuwapo nyuma ya kipepeo kinachobana hewa. Dizeli nyingi za zamani hazina kipepeo hicho; zinavuta hewa yote zinayoweza, na kasi inaamuliwa na kiasi cha dizeli kinachotolewa na pampu. Ikiunguruma bila mzigo, injini ina hewa nyingi kuliko inayohitaji, kwa hiyo tundu la milimita chache halimpi dereva dalili yoyote.

Hapo ndipo injini zenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa ndani ya injini) na zisizo na tabo zinapoachana, na tofauti hiyo inaathiri kila uamuzi unaofuata.

Isiyo na tabo inavuta. Tundu linakuwa mlango wa hewa ambayo haikupita kwenye chujio. Nguvu haipungui, moshi haubadiliki, na dereva anaendelea na safari zake huku vumbi likisaga ringi na kuta za silinda. Dalili zikija, yaani oili kupungua, kuwaka kwa shida asubuhi na moshi wa bluu, injini tayari imeshalika. Kwa maoni yangu tundu la aina hii ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu halisemi.

Yenye tabo inasukuma. Tundu lililo baada ya tabo linatoa hewa nje kila unapokanyaga mafuta. Unasikia mluzi au mfoko, gari linakuwa zito mlimani, na kwenye injini zenye sensa ya kupima hewa unatoka moshi mweusi, kwa sababu kompyuta inatia dizeli ya kulingana na hewa iliyopimwa ilhali sehemu yake imekwisha kutoroka njiani. Zile za pampu isiyo na kompyuta mara nyingi zinapunguza dizeli zenyewe presha ya tabo ikishuka, hivyo moshi unaweza usiwe mwingi. Kinachobaki ni uzito wa gari tu.

Njia za kugundua, moja dhidi ya nyingine

Macho na tochi huja kwanza na hayana gharama. Tafuta mstari wa unga mweupe kwenye maungio ya gasketi na kuzunguka vichwa vya bolti. Kwenye injini ya tabo tafuta pia alama nyeusi yenye unyevunyevu wa oili, maana hewa inayotoroka hubeba mvuke wa oili na kuuacha pale inapotokea. Kwenye injini isiyo na tabo alama hiyo haipo, kwa kuwa hewa inaingia badala ya kutoka. Upungufu wa macho ni kwamba upande wa chini wa manifoldi, ule unaokusanya maji na uchafu, ndio usioonekana. Kioo kidogo chenye mkono kinasaidia kwa sehemu.

Hewa ya shinikizo pamoja na maji ya sabuni ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote kwa injini ya tabo. Unafungua paipu upande wa chujio la hewa, unaziba mdomo wake kwa kifuniko chenye vali ya kujazia upepo, na unaingiza hewa taratibu kupitia kifaa cha kupunguza presha. Anza na bar 0.5, wala usivuke presha ambayo tabo ya gari hilo hutoa kwa kawaida. Kabla ya hapo ziba paipu ya kupumulia injini, la sivyo hewa itaingia kwenye kreki, yaani sehemu ya chini ya injini yenye oili, na kusukuma sili za oili. Utasikia mfoko ndani ya ekzosi au kwenye mfuniko wa oili. Usishtuke, daima kuna vali fulani iliyo wazi, na hewa kidogo hupita kwenye ringi. Unachotafuta ni povu kwenye maungio.

Paka maji ya sabuni kwa brashi, kipande kwa kipande, na usiwe na haraka. Povu kubwa linalochemka ni rahisi kulitambua. La kuangalia kwa makini ni lile povu dogo, laini na jeupe, linaloota polepole pembeni ya kichwa cha bolti. Kwenye manifoldi nyingi bolti haigusi njia ya hewa hata kidogo, kwa hiyo povu likitokea hapo maana yake uso wa gasketi umeliwa kutoka kwenye njia ya hewa mpaka kwenye tundu la bolti. Hapo umeshajua, kabla hujafungua kitu, kwamba kubadilisha gasketi peke yake hakutatosha.

Mashine ya moshi hufanya kazi hiyo kwa presha ndogo sana. Ubora wake ni kwamba moshi unajitokeza hata pale brashi isipofika, chini na nyuma, na kwa injini isiyo na tabo ndiyo ningeitanguliza. Udhaifu wake unajitokeza kwenye tabo: kuna nyufa na maungio yanayofunguka yakisukumwa tu. Kwa presha ya moshi yanakaa kimya, na fundi anakwambia manifoldi ni nzima.

Skana ya kusoma hitilafu inafaa kwa vani zenye kompyuta pekee. Inaonyesha presha inayotakiwa na presha iliyopo, na pengo kati yake mzigo ukiongezeka ni habari nzuri. Hata hivyo msimbo kama P0299, wa presha ya tabo kuwa chini, unaweza kuletwa na paipu iliyochanika, tabo iliyochoka, vali yake iliyokwama au manifoldi. Skana inakuambia uanze kutafuta, haikuambii utafute wapi. Anayenunua manifoldi kwa sababu ya msimbo peke yake anabahatisha.

Kuna njia moja naikataa kabisa: kupulizia etha au dawa nyingine inayowaka kwenye maungio na kusikiliza kama injini inabadilika. Watu wameitoa kwenye petroli. Kwenye dizeli, kinachovutwa ni mafuta yasiyodhibitiwa na pampu. Injini inaweza kupanda kasi yenyewe, na etha ikikutana na plagi za kupasha joto inalipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi au pistoni. Ongeza hapo ekzosi ya moto iliyo sentimita chache kutoka unapopulizia.

Mwisho ni maji. Kama manifoldi yako imepitiwa na njia ya maji ya rejeta, au imefungiwa kipoza cha EGR, basi kupungua kwa maji bila kuonekana yanakovuja ni sababu tosha ya kupima. Injini ikiwa baridi, funga pampu ya kupimia kwenye rejeta, ipandishe hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, kisha iache kwa muda uone kama mshale unashuka. Jambo hili si la kuahirisha. Silinda ya sentimita za ujazo 600 yenye mgandamizo wa 21 kwa 1 hubakiza nafasi ya sentimita za ujazo 30 tu pistoni ikiwa juu kabisa. Hiyo ni sawa na vijiko viwili vikubwa vya maji. Usiku mmoja wa kuvuja ukitosha kuzijaza, asubuhi stata itapinda fito ya pistoni, kwani maji hayagandamiziki. Ukiwa na shaka, toa plagi za kupasha joto na uzungushe injini kwa mkono kwanza.

Ikishafunguliwa, soma uso wake kabla ya kuuosha

Kosa linalofanyika sana ni kuifungua manifoldi na kuitumbukiza moja kwa moja kwenye mafuta ya kuoshea. Ushahidi wote unaondoka. Iweke kwanza kwenye mwanga, uso wa gasketi ukiwa juu. Ukingo wa kila njia ya hewa huwa na utando wa oili na masizi. Mahali penye tundu la kuvuta, utando huo unakuwa na alama ya vumbi la rangi ya udongo, nyembamba kwenye ukingo na inayopanuka kuelekea ndani. Gusa kwa kidole ulisugue. Masizi yanateleza, vumbi linakwaruza. Ukiipata alama hiyo kwenye njia moja tu, angalia na silinda yake: pima mgandamizo kabla ya kutia gharama kwenye manifoldi, usije ukaipamba injini ambayo tayari imechakaa.

Kisha safisha. Mafuta ya taa au dizeli hulainisha masizi, kikwangulio cha plastiki kinayatoa, na maji ya moto yenye sabuni yanamaliza. Kostiki soda ipigwe marufuku, pamoja na dawa za kusafishia oveni zenye kostiki ndani. Inasafisha chuma vizuri sana, lakini alumini inaila huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Manifoldi iliyolazwa humo usiku kucha hutoka ikiwa imekonda. Vilevile jihadhari na diski za msasa za mashine: chembe zake ni ngumu kuliko beringi za injini, na zikibaki ndani ya manifoldi safari yao ni moja.

Uso ukiwa mkavu, chukua msumari wenye ncha kali uchokonoe penye vishimo. Alumini nzima inakwaruzika na kung'aa. Iliyooza inadidimia na kutoa unga. Endelea kuchokonoa mpaka ufike kwenye alumini ing'aayo, ndipo ujue kina halisi cha kutu. Baadaye laza rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kisha kwa mishazari yote miwili, na upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Kipimo kinachokubalika kipo kwenye kitabu cha injini. Kama kitabu hakipatikani, mimi naishia kwenye milimita 0.1, geji hiyo ikipita, uso unahitaji kusawazishwa.

Njia za kutengeneza

*Gasketi mpya na usafi.* Inatosha pale vishimo vilipo vifupi, havijaungana, na havijafika kwenye ukingo wa njia ya hewa wala ya maji. Wengi hushawishika kuongeza gundi ya gasketi ya mpira ili ijaze mashimo. Kidogo sana, kwenye kishimo kilicho nje ya mkanda wa gasketi, sina ugomvi nacho. Ila gundi kuwa ndiyo gasketi yenyewe, hapana, na sababu yake inahesabika. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kuyeyusha. Manifoldi ya urefu wa sentimita 40, iliyofungwa kwenye silinda hedi ya chuma, ikipanda nyuzi joto 80 inarefuka kuliko hedi kwa karibu milimita 0.4. Kila safari nyuso hizo mbili zinasuguana kwa kiasi hicho, kwenda na kurudi. Gasketi imetengenezwa ivumilie msuguano huo. Gundi nene inachanika, na vipande vyake huenda ndani.

*Kusawazisha kwa mashine.* Hii ndiyo tiba ninayoipa nafasi ya kwanza pale uso unapokuwa umeliwa kwa upana lakini si kwa kina, au umepinda. Fundi wa mashine anaondoa sehemu za kumi za milimita na uso unarudi kuwa mpya. Inadumu, haina gundi, haina joto. Lakini ina masharti ambayo huwa hayatajwi. Bolti zinazoingia kwenye matundu yasiyotoboka upande wa pili zinaweza kugota chini kabla hazijakaza, kwa kuwa manifoldi imekuwa nyembamba; zipime upya na uongeze washa ikibidi. Paipu ya EGR na mabano yaliyofungwa kwenye manifoldi nayo yanasogea kidogo. Na kwenye injini ambazo manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, zikitumia gasketi moja na kubanwa na washa zilezile, kusawazisha moja peke yake kunazifanya ziwe na unene tofauti. Washa inaegemea iliyo nene, na ile uliyoitengeneza ndiyo inayobaki imelegea. Hapo zipelekwe zote mbili pamoja.

*Epoksi ya chuma.* Naiona ikitumika kupita uwezo wake. Ni gundi ya sehemu mbili yenye unga wa metali, na nyingi za kawaida huishia kati ya nyuzi 120 na 150. Tabo inayosukuma bar 1 bila intakula (kipoza hewa ya tabo) inaweza kuipandisha hewa ya nyuzi 30 hadi karibu 120 kabla haijafika kwenye manifoldi, na moshi wa EGR ni wa moto zaidi ya hapo mara kadhaa. Kwa hiyo epoksi isikaribie kabisa mdomo wa EGR, wala isitumike penye maji, kwa sababu ikibanduka hapo maji yanaingia kwenye silinda. Inakubalika kwa kishimo cha nje kwenye ukuta mzito wa injini isiyo na tabo, au kujaza vishimo vya uso kabla ya kusawazisha, mradi alumini imekwanguliwa hadi ing'ae na kufutwa mafuta yote. Usifutie kwa petroli, inaacha utando.

*Fito za kuyeyusha kwa moto mdogo.* Zinauzwa kwa ahadi nyingi. Huyeyuka kwenye nyuzi 400 hivi, chini sana ya alumini inayoyeyuka kwenye 660, na mtu yeyote mwenye tochi ya gesi anaweza kuzitumia. Tatizo ni kwamba kuzifanya zishike ni lazima kuvunja utando wa oksidi chini ya tone lililoyeyuka kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, na manifoldi iliyokunywa masizi ya miaka mingi haikubali kirahisi. Kwa sikio la bano lililovunjika, sawa. Kwa ukuta unaobeba presha, ningeendelea hadi kwenye njia inayofuata.

*Kuchomelea kwa umeme na gesi ya argoni.* Penye ufa, tundu lililotoboka ukuta, au ukingo wa njia ya maji ulioliwa, hii ndiyo njia pekee ya kutengeneza ninayoiheshimu. Oksidi inayofunika alumini inayeyuka karibu na nyuzi 2,070 ilhali metali iliyo chini yake ni 660, ndiyo maana fundi hutumia umeme wa AC unaovunja utando huo, na fito yenye silikoni, mara nyingi ile ya 4043. Manifoldi ya kuyeyushwa ina vinyweleo vilivyojaa oili. Moto ukifika, oili inachemka na kutoa mapovu meusi ndani ya mshono. Fundi mzuri anaisaga sehemu hiyo, anapasha joto, anachomelea, anasaga tena, mpaka mapovu yakome. Fundi anayekuambia atamaliza kwa pasi moja bila hata kuiosha, ichukue manifoldi yako uondoke nayo. Muulize pia kama ataifunga kwenye bamba nene wakati wa kazi, kwa sababu joto huipinda, na kwa vyovyote lazima isawazishwe baadaye. Ndiyo kusema gharama ya kuchomelea ni kazi mbili, na zihesabiwe pamoja unapoilinganisha na bei ya nyingine.

*Manifoldi ya kutoka gari jingine.* Ina umri ule ule na imeishi maisha yale yale, kwa hiyo usiinunue ikiwa imepakwa rangi au ikiwa bado na gasketi iliyoganda juu yake. Dai kuuona uso. Nenda na rula na fila geji. Kipimo cha dakika 5 kwa muuzaji kinakuokoa na kufungua injini mara mbili. Chungulia tundu la maji na meno ya kila tundu la bolti. Linganisha namba iliyochorwa kwenye umbo, maana injini ya jina moja inaweza kuwa na manifoldi tofauti ikiwa na EGR au bila, na tundu la sensa likikosekana unarudi kulekule kwa fundi wa kuchomelea.

*Mpya.* Penye njia ya maji iliyooza kwa kina, au manifoldi iliyokonda kwa kostiki, sina pendekezo jingine. Isiyo ya kiwanda cha gari ipimwe hivyohivyo kwa rula kabla ya kufungwa, na iwekewe gasketi juu yake uone kama matundu yanalingana. Upya pekee si uthibitisho wa kunyooka.

Bolti zinaweza kubadilisha hesabu yote

Mara nyingi manifoldi inaharibika zaidi wakati wa kufunguliwa kuliko ilivyokuwa kabla. Unga mweupe huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, ndiyo maana bolti inabanwa kama kabari ndani ya tundu. Weka oili ya kulegeza kutu siku moja kabla. Pasha alumini joto kuzunguka bolti, usipashe bolti, kwa sababu alumini ndiyo unayotaka itanuke. Na uhakikishe hakuna paipu ya dizeli inayovuja karibu. Fungua robo zungusho, rudisha, fungua tena. Ikianza kulia na kuwa kama mpira mkononi, acha. Ipo karibu kukatika.

Tundu la alumini lililolika meno lisiwekewe bolti nene kwa nguvu. Uzi wa chuma wa kupachika, ule unaozungushwa kama springi ndani ya tundu lililotobolewa upya, unakuwa imara kuliko meno ya alumini ya awali. Kama matundu mawili au matatu yanahitaji uzi huo na uso nao unahitaji kusawazishwa, jumlisha. Hapo ndipo manifoldi nzima ya gari jingine huanza kuwa nafuu, hata kama kwa kila tatizo peke yake kutengeneza kungeshinda.

Kwa hiyo nani achague nini

Vani isiyo na tabo, njia ya hewa haina maji karibu, vishimo vya juujuu: safisha, sawazisha kama geji ya 0.1 inapita, weka gasketi mpya. Usilipe zaidi ya hapo. Pesa iliyobaki iende kwenye chujio la hewa na oili mpya.

Vani ya tabo yenye povu kwenye bolti: usijaribu gasketi peke yake hata kama fundi anaona inatosha. Sawazisha. Ukuta ukiwa na ufa, chomelea kisha sawazisha, iwapo kazi hizo mbili pamoja haziifikii bei ya manifoldi nzima iliyopimwa.

Njia ya maji imeliwa: hapa naacha kulinganisha bei. Msumari ukididimia ukingoni mwa tundu la maji, kuna machaguo mawili tu, kuchomelewa na mtu anayejulikana kwa kazi ya alumini na kupimwa kwa presha kabla ya kufungwa, au kubadilishwa. Pamoja nayo maji ya rejeta yamwagwe yote, mfumo usukutwe, na uwekwe mchanganyiko mpya wa dawa na maji yasiyo na madini, vinginevyo manifoldi mpya itaanza kuliwa mahali palepale.

Na kama mgandamizo wa silinda moja umeshashuka kwa sababu ya vumbi, chukua njia nafuu kabisa inayoziba tundu kwa uhakika. Injini hiyo itafunguliwa yote baada ya muda, na kazi nzuri ya manifoldi inaweza kungoja siku hiyo.

Wakati wa kurudisha, nyuso zote mbili ziwe kavu na zisizo na oili. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, kwa kipimo cha kitabu. Bolti za M8 kwenye alumini mara nyingi huwa kati ya Newton-mita 20 na 25, na hapo mkono peke yake hauaminiki. Meno yapakwe grisi ya kuzuia kung'ang'ania isiyo na shaba, na ikumbukwe kwamba meno yenye grisi hukaza zaidi kwa nguvu ileile, hivyo punguza kidogo isipokuwa kitabu kimesema vinginevyo. Rudia kipimo kilekile cha sabuni au moshi kabla ya kuwasha, kisha tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara chache, kwa kuwa kuna maungio yanayojificha mpaka alumini itanuke na kurudi.